Usafi wa jiji huanzia mlangoni, si jaani: Funzo la Pune

KATIKA jiji la Pune, magharibi mwa India, watu wamezozania taka kwa zaidi ya miongo mitatu. Kwa anayeutazama mzozo huo kutoka mbali, ni jambo la kustaajabisha. Ni nani hugombea uchafu?

Jibu ni kwamba taka si uchafu tu. Ni riziki kwa maelfu ya wanawake maskini, ni kandarasi nono kwa wenye malori, na ni sumu kwa wanavijiji wanaoishi karibu na mahali zinapomwagwa. Anayeamua taka zipitie mikononi mwa nani ndiye anayeamua pia nani atakula, nani atatajirika na nani atachota maji machafu kisimani.

Pune liko umbali wa kilomita 150 hivi kutoka Mumbai. Ni mji wa vyuo vikuu, wa viwanda vya magari na, tangu miaka ya 1990, wa kampuni za kompyuta. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu wakazi zaidi ya milioni tatu ndani ya mipaka ya jiji, na tangu hapo mipaka hiyo imepanuliwa hadi kuvimeza vijiji vya kandokando. Kila kunapokucha, wakazi hao hutoa zaidi ya tani 2,000 za taka.

Miji mingi ya India, na mingi ya Afrika pia, imelikabili tatizo kama hilo kwa kuanzia mwisho wake. Hutafutwa jaa jipya, mtambo mpya wa kuchoma taka, au mwanakandarasi mpya mwenye malori makubwa zaidi. Pune, kwa kusukumwa na wanawake wasiojua kusoma, lilianzia upande wa pili, yaani mlangoni mwa mwenye nyumba. Safari hiyo haijakamilika wala haijakosa kasoro, lakini ina mafunzo ambayo hayafai kupuuzwa.

MILIMA ISIYO YA MAWE

Ili kuelewa uzito wa jambo lenyewe, yafaa kwanza kutazama hali ya India kwa jumla. Kwa muda mrefu halmashauri za miji zilichukulia kuwa wajibu wao ni kuzoa taka na kuzipeleka mbali na macho ya walipa kodi. Kilichofuata huko mbali hakikuwa na mwenyewe.

Mwezi Septemba mwaka 1994, jiji la Surat katika jimbo la Gujarat lilipata pigo lililoishtua dunia. Baada ya mafuriko kuacha taka na mizoga mitaani, kulizuka ugonjwa wa tauni ya mapafu. Watu zaidi ya 50 walifariki na mamia ya maelfu wakalikimbia jiji kwa garimoshi na mabasi. Mwaka uliofuata, msimamizi mpya wa jiji, S.R. Rao, aliwalazimisha maafisa wake waondoke ofisini kila siku na kukagua mitaa kwa macho yao wenyewe. Katika muda wa miezi 18 hivi, Surat lilikuwa linatajwa miongoni mwa miji safi zaidi nchini humo.

Mnamo 1996 mhandisi Almitra Patel aliwasilisha kesi katika Mahakama ya Juu ya India akizilaumu halmashauri kwa kumwaga taka ovyo. Kesi hiyo ndiyo iliyozaa kanuni za kitaifa za mwaka 2000, zilizoagiza taka zitenganishwe na zile zinazooza zigeuzwe mboji badala ya kufukiwa. Miji ilipewa hadi mwisho wa 2003 kutekeleza. Muda ulipita, na mingi haikutekeleza.

Jaa la Ghazipur, jijini Delhi, ni ushahidi wa gharama ya ukaidi huo. Lilifunguliwa mwaka 1984 na kufikia kikomo chake mwaka 2002, lakini malori hayakukoma kumwaga. Mnamo Septemba 1, 2017, sehemu ya mlima huo wa taka iliporomoka na kuwasukuma watu na magari hadi kwenye mfereji uliokuwa kando ya barabara. Watu wawili walikufa. Miaka miwili baadaye kimo cha mlima huo kilikuwa kimefika takriban mita 65.

Huko Kochi, jimboni Kerala, jaa la Brahmapuram lilishika moto Machi 2, 2023 na kuwaka kwa karibu wiki mbili. Moshi uliwalazimu wakazi kujifungia majumbani. Mahakama maalumu ya mazingira iliitoza halmashauri ya jiji hilo faini ya rupia bilioni moja.

Pune nalo lina jeraha lake. Kwa miaka mingi taka zake zilipelekwa kwenye vijiji vya Uruli Devachi na Phursungi, nje kidogo ya jiji. Visima vya vijiji hivyo viliharibika na harufu mbaya ikawa sehemu ya maisha. Wanavijiji waliandamana mara kwa mara. Mwaka 2017, baada ya moto kuzuka jaani, waliifunga njia ya malori kwa wiki kadhaa, na jiji lililojivunia wasomi wake likashindwa kujua litapeleka wapi maganda ya viazi.

SAYANSI YA TAKA MBICHI

Kuna sababu ya kitaalamu inayoeleza kwa nini milima hiyo huwaka, huporomoka na kutoa maji ya sumu. Karibu nusu au zaidi ya taka za miji ya India ni mabaki ya chakula na vitu vingine vinavyooza. Vikirundikwa pamoja na plastiki na kukosa hewa, hutoa gesi ya methani, ambayo hushika moto kwa urahisi. Mvua ikinyesha, maji hupenya katikati ya rundo na kutoka yakiwa meusi, yamebeba kila aina ya kemikali hadi kwenye mito na visima.

Unyevu huo huo ndio unaoyashinda majiko ya kuchomea taka. Katika mwaka 1987 serikali ya India, kwa msaada wa Denmark, ilijenga huko Timarpur, Delhi, mtambo uliokusudiwa kuchoma tani 300 kwa siku na kuzalisha umeme. Ulifanya kazi kwa siku 21 pekee. Taka zilizofikishwa hapo zilikuwa mbichi, zimejaa mchanga na udongo, na hazikuweza kuwaka zenyewe bila kuongezewa mafuta.

Taka hizo hizo zikitenganishwa jikoni, mambo hubadilika kabisa. Mabaki ya chakula yakiwa peke yake huwa mboji au gesi ya kupikia. Karatasi, chuma na plastiki zikiwa kavu huwa malighafi yenye bei sokoni. Zikichanganywa, mchuzi wa jana hulowesha gazeti, gazeti likapoteza bei yake, na vyote viwili vikawa mzigo wa lori. Tofauti kati ya mali na uchafu ni mifuko miwili badala ya mmoja, na uamuzi huo hufanywa na mtu aliyesimama jikoni wala si mhandisi wa jiji.

WANAWAKE WA MAGUNIA

Swali ni jinsi ya kumshawishi mtu huyo. Hapa ndipo Pune lilipochukua njia yake.

Mapema miaka ya 1990, walimu wa elimu ya watu wazima katika Chuo Kikuu cha Wanawake cha SNDT walikutana na wanawake waliokuwa wakichakura mapipa ya barabarani wakitafuta karatasi, chupa na vyuma vya kuuza. Wengi wao walitoka katika jamii za Dalit, zilizowekwa chini kabisa katika mfumo wa matabaka wa India. Waliumwa na mbwa, walikatwa na vigae na kusingiziwa wizi na polisi.

Walimu hao waliwasaidia kupata ruhusa ya kuchukua taka kavu moja kwa moja kutoka milangoni katika mtaa mmoja. Faida ilionekana mara moja, kwani karatasi zilikuwa safi, saa za kazi zilipungua na mapato yakaongezeka. Punde si punde, mfanyabiashara mwenye gari akajitokeza kutaka kufanya kazi hiyo hiyo katika mtaa huo huo. Wanawake hao wakatambua kuwa bila umoja wangepoteza hata walichokianzisha.

Mwaka 1993 mamia ya waokotaji walikutana na kuunda chama chao cha wafanyakazi, Kagad Kach Patra Kashtakari Panchayat, jina lenye maana ya baraza la wavuja jasho wa karatasi, kioo na bati. Kiongozi mkongwe wa vibarua, Baba Adhav, alikubali kuwa mwenyekiti. Ombi lao la kwanza halikuwa pesa bali vitambulisho, na katikati ya mwongo huo halmashauri ya Pune ikaviidhinisha. Kwa mtu aliyezoea kufukuzwa kama mwizi, kadi yenye picha yake na muhuri wa jiji ilikuwa na thamani kuliko mshahara.

Utafiti uliofanywa mwaka 2001 kwa ajili ya Shirika la Kazi Duniani, ILO, ulionyesha kuwa wanawake hao walikuwa wakiiokolea halmashauri gharama kubwa ya usafirishaji. Kila kilo waliyoibeba kwenda kwa mnunuzi wa vyuma na karatasi kuukuu ilikuwa kilo moja pungufu kwenye lori la jiji. Muda si mrefu baadaye, halmashauri ilianza kuwalipia bima ya afya.

Hatimaye, baada ya majaribio yaliyoanza 2005, chama kiliunda shirika la ushirika liitwalo SWaCH, jina linalokaribiana na neno la Kihindi lenye maana ya safi. Mwaka 2008 shirika hilo lilitia saini mkataba wa miaka mitano na halmashauri. Wanachama wake, ambao sasa ni zaidi ya 3,000, huzunguka wakiwa na mikokoteni katika mamia ya maelfu ya nyumba. Kila nyumba hulipa ada ya makumi machache ya rupia kwa mwezi. Mwokotaji hubaki na ada hiyo pamoja na mapato ya vitu anavyouza, nayo halmashauri hugharamia vifaa na usimamizi.

HESABU YA TANI

Mtu anaweza kuuliza: je, si afadhali malori ya kisasa kuliko mikokoteni na akina mama? Swali hilo limeulizwa sana na madiwani wa Pune. Mkataba wa kwanza ulipokwisha, ushirika huo ulifanya kazi kwa muda mrefu kwa nyongeza za muda mfupi mfupi kabla ya kupata mkataba mwingine mwaka 2016. Huo nao ulipokwisha mwishoni mwa 2020, wazo la kuwapa wanakandarasi kazi hiyo likafufuliwa. Hii ilikuwa baada ya wanawake hao kuendelea kuzoa taka katika kipindi chote ambacho India ilifungwa kwa sababu ya Covid-19, wakati walioajiriwa maofisini walikuwa wamejifungia majumbani.

Kiini cha ubishi huo si usasa. Ni namna ya malipo. Mwanakandarasi wa kawaida hulipwa kulingana na tani anazofikisha jaani. Kwa hivyo, kadiri taka zinavyokuwa nyingi na nzito ndivyo anavyofaidika. Mabaki ya chakula yaliyolowa maji humletea pesa nyingi kuliko karatasi kavu. Hana sababu ya kumwomba mwenye nyumba atenganishe taka, na pengine ana sababu ya kumwombea asitenganishe.

Mwokotaji wa Pune hupiga hesabu iliyo kinyume. Hulipwa na nyumba anayoihudumia, na hufaidika zaidi pale plastiki na karatasi zinapomfikia zikiwa safi. Akipewa mfuko uliochanganywa, ndiye atakayeufungua kwa mikono yake. Kwa hivyo anasimama mlangoni na kulalamika, na kesho yake anarudi tena kulalamika. Hakuna bango la halmashauri lenye nguvu kama mama anayejua jina lako na siku uliyotupa mifupa ndani ya magazeti.

Uhusiano huo ulidhihirika katika suala ambalo wengi huona haya kulitaja. Sodo na nepi zilizotumika zilikuwa zikitupwa pamoja na taka nyingine, na wanawake hao wakizichambua kwa mikono mitupu. Mwaka 2013 walikusanya magunia ya taka hizo na kuzirudisha kwa kampuni zinazozitengeneza, wakidai zigharamie sehemu ya tatizo. Mwaka 2017 waliwageukia wenye nyumba na kuomba jambo dogo, kwamba kila sodo ifungwe kwenye gazeti na kutiwa alama ya duara jekundu ili anayeipokea ajue asiifungue. Ombi hilo halihitaji bajeti, linahitaji tu mtu akumbuke kuwa upande wa pili wa mfuko kuna mkono wa binadamu mwenzake.

NJIA YA INDORE

Kwa haki, Pune si mfano wa pekee. Jiji la Indore, katikati mwa India, limeshika nafasi ya kwanza katika mashindano ya kitaifa ya usafi mwaka baada ya mwaka tangu 2017. Huko halmashauri yenyewe ndiyo inayozoa. Magari yenye vyumba tofauti hupita kila asubuhi yakipiga wimbo, na mwenye nyumba hutarajiwa kuweka kila aina ya taka katika chumba chake. Jaa kuukuu la Devguradia lilichimbuliwa, likachujwa na kusafishwa mwaka 2018. Mwezi Februari 2022 Waziri Mkuu Narendra Modi alizindua huko mtambo wa kugeuza tani 550 za taka za chakula kwa siku kuwa gesi ya kuendeshea magari.

Indore ni thibitisho kwamba mtambo hufanya kazi pale unapolishwa taka zilizotenganishwa. Hata hivyo, tuzo za usafi hazisemi yote. Mwishoni mwa 2025, maji ya mfereji yaliyoingiliwa na majitaka yaliwaua watu katika mtaa wa Bhagirathpura, katika jiji hilo hilo linalosifiwa. Barabara safi si sawa na jiji lenye afya.

Ijapokuwa majiji haya mawili yanatofautiana kuhusu nani azoe, yanakubaliana kuhusu mahali pa kuanzia. Kanuni mpya za kitaifa za mwaka 2016 ziliafiki hilo: ziliwaagiza wenye nyumba kutenganisha taka, zikaruhusu ada, na kuzitaka halmashauri ziwatambue waokotaji.

KASORO ZAKE

Itakuwa kosa kulichora Pune kama peponi. Kwanza, kazi ni ngumu. Mwanamke wa miaka 50 anayesukuma mkokoteni na kupanda ngazi za ghorofa hajakombolewa kwa sababu tu amepewa glavu. Wapo wanaouliza iwapo mfumo huu hauwafungi watu wa tabaka la chini katika kazi waliyorithishwa na ubaguzi. Wanachama hujibu kwamba kazi hiyo wangeifanya hata hivyo, na heri kuifanya wakiwa na sauti.

Pili, mapato yao huyumba. Bei za karatasi na plastiki ziliporomoka mwishoni mwa 2008 kutokana na msukosuko wa uchumi duniani, na waliopata hasara ya kwanza walikuwa waokotaji. Aidha, katika mitaa ya mabanda si kila nyumba humudu ada, na hata katika mitaa ya wenye uwezo wapo wanaokwepa kulipa.

Tatu, mlango ukifanya wajibu wake, halmashauri nayo haina budi kufanya wake. Pune lilijenga mitambo midogo mingi ya kugeuza taka za chakula kuwa gesi mitaani, lakini mingi haikufikia uwezo uliotarajiwa. Mwenye nyumba akiona mifuko yake miwili ikitupwa katika lori moja, kesho atatumia mfuko mmoja. Imani ya aina hiyo hujengwa kwa miaka na kubomolewa kwa asubuhi moja.

KIOO CHA DANDORA

Msomaji wa Kenya atakuwa ameshaona sura anayoijua. Jaa la Dandora lilifunguliwa 1975 na likatangazwa kuwa limejaa 2001, mwaka mmoja kabla ya Ghazipur. Kama Ghazipur, halikufungwa. Wakazi wa mitaa jirani huuvuta moshi wake na maelfu ya watu hutafuta riziki juu ya marundo yake.

Nasi pia tumekuwa na mazoea ya kuamini kwamba mtupa jongoo hutupa na mti wake. Mfuko ukishatoka langoni, hesabu imefungwa. Wakati huo huo, kwa miaka mingi Nairobi limeahidiwa mtambo wa kuzalisha umeme kutokana na taka, ilhali taka zenyewe, sawa na za Delhi, ni mbichi na zimechanganywa. Kabla ya kutia saini, yeyote anayehusika na ahadi hiyo angefaa kuzitafakari siku 21 za Timarpur.

Sheria si kikwazo. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza mahali zinapotoka, na kuzikabidhi kaunti jukumu la kuhakikisha hilo linafanyika. India ilikuwa na kanuni kama hizo tangu mwaka 2000, na zililala kwenye makabati katika miji mingi. Palipopatikana mabadiliko, palikuwa na mtu au kundi lililohakikisha kwamba kuna anayefika mlangoni kila siku, na kwamba anayefika ana faida katika kutenganisha wala si katika kuchanganya.

Katika mitaa mingi ya Nairobi na Mombasa, tayari yapo makundi ya vijana na akina mama wanaozoa taka kwa ada. Hawahitaji kuvumbuliwa. Wanahitaji kutambuliwa, kupewa mahali pa kuchambulia, na kulindwa dhidi ya kandarasi za kisiri zinazolipa kwa tani. Kaunti inayoandika mkataba mpya haina budi kujiuliza swali moja kabla ya mengine yote: je, malipo haya yanamfanya mzoaji atamani taka ziongezeke, au zipungue?

Miji ya India imezunguka sana: majaa, mitambo, mahakama, faini na mashindano. Kila mara imerejeshwa kwenye jiko la mwenye nyumba na mikono ya anayepokea mfuko wake. Wahenga waliyajua hayo waliposema kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.